Ndizi Moja Chini ya Mzinga

Nyuki aliyeniuma mwezi uliopita pale soko la Mwanjelwa alikuwa mmoja tu, tena mdogo, aliyelewa utamu wa ndoo ya asali iliyoachwa wazi kati ya chane za ndizi za Tukuyu na viroba vya mchele wa Rujewa. Aliniuma kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Mwanamke mwingine angeukwangua mwiba kwa ukucha, akasonya, akaendelea kubishania bei. Mimi niliketi juu ya kiroba cha watu bila kukaribishwa, nikaanza kutaja kwa sauti kila nilichokiona: mizani, kopo, mwavuli, ndala, ndizi, ndizi.

"Mama, mbona unaorodhesha vitu vyangu?" akauliza muuza mchele.

"Najaribu ulimi," nikamjibu.

"Basi ujaribie palepale pa kununulia."

Wachuuzi wakacheka, nami nikacheka nao, huku nikiendelea kutaja kimoyomoyo: kibao, kamba, kuku. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na umri wa miaka tisa. Mume wangu amekwisha kuzoea. Akiniona nimesimama bustanini naita majina ya mboga, huja na kitambaa cha maji baridi bila kuuliza. Hata wanafunzi wangu wa Baiolojia waliwahi kuniona nikitaja madawati na ubao baada ya nyigu kunichoma darasani, wakadhani ni mbinu mpya ya kufundishia. Wewe nitakueleza sababu, kwa kuwa tangu siku ile ya Mwanjelwa sijatulia, na wenzangu wa nyumbani wamechoka kuniona nikizunguka.

Nilizaliwa Mbeya, ambako baba alikuwa fundi wa malori, lakini likizo zangu za msimu wa baridi zilikuwa za Bibi, mama yake mama, kijijini katika milima ya Iringa. Basi lilinishusha barabarani, kisha tulitembea hadi miguu ikawa si yangu. Ukungu wa kule haukuondoka kabla ya saa nne asubuhi. Tuliamka tukichota maji yaliyouma vidole, tukapukuchua mahindi tumeyazunguka mafiga, na uji wa ulezi ukatiwa asali badala ya sukari, asali nyeusi yenye ladha ya moshi na ya kitu kingine ambacho sijakionja tena popote.

Asali hiyo ilitoka kwa Mjomba, kitinda mimba wa Bibi, ambaye alikuwa bado anaishi katika ua wa mama yake. Mjomba alikuwa na kazi mbili, na kwa macho yangu ya kitoto zilikuwa kazi moja. Siku za juma alichonga mizinga ya magogo. Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Alichonga akiimba, tezo likimpigia mapigo, na shairi lililokosewa Jumapili lilirudiwa mbele ya gogo mpaka likanyooka. Bibi alizoea kusema, "Mizinga ya huyu haina nyuki, ina waumini."

Kurina asali kulikuwa na miiko, na Mjomba aliishika yote. Mlembe, yule ndege anayewaita watu kwenye asali, aliachiwa sega la kwanza. Hakuna aliyepanda mtini akiwa na ugomvi kifuani: asubuhi ya kurina, Mjomba alipita nyumba kwa nyumba akitoa salamu, "kamwene", ili mwenye neno naye aliseme. Na mwiko wa mwisho, ambao hakuna aliyenipa maana yake, ni kwamba siku hiyo ndizi mbivu haikuliwa wala haikubebwa. "Ndizi na nyuki hawasalimiani," Bibi aliniambia, akafunga mjadala.

Kwa watoto wa kijiji kile mwiko huo haukuwa mzigo. Baridi yao haikuivisha ndizi. Aliyekuwa na ndizi ni mimi, mtoto wa Mbeya, ambaye baba alinifungashia mkungu mzima kama zawadi ya Bibi. Asubuhi ya kurina Bibi aliuinua mkungu ule akaufungia ghalani. Alikuta umepungua ndizi moja, akadhani panya. Ndizi hiyo, ya njano yenye madoa meusi, ilikuwa imefungwa kiunoni mwangu ndani ya mkunjo wa kitenge. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: Mjomba akishapanda mtini, mimi nitakula chini, ganda nitalifukia.

Asubuhi hiyohiyo Mjomba alirudi kutoka kwenye salamu akiwa na uso mzito. Jirani yetu wa upande wa bondeni, ambaye naye alikuwa mrina asali, alikuwa amekuta mzinga wake mmoja umeanguka na kupasuka, masega hayamo. Mjomba alipomwamkia, jirani hakuitikia. Alisema tu, "Mkono uliofungua mzinga wangu, nyuki watautambua." Mjomba akataka kuahirisha. Bibi ndiye aliyemsukuma: "Hasira ni yake, si yako. Nenda, asali isije ikaharibika."

Tulifika chini ya mninga jua likiwa limeanza kulegea. Kazi yangu ilikuwa kushika kibuyu na kutunza mwenge wa pili wa magome, usizimike. Mjomba alivua koti lake la kaki, akalitundika kwenye tawi la chini ili lisimzuie kupanda, akapanda kwa kamba, moshi mdomoni mwa mzinga, wimbo mdomoni mwake. Nikachuchumaa kuupuliza mwenge. Nikaihisi ndizi ikipasuka kati ya paja na tumbo, ikalowesha kitenge, na harufu yake ikapanda, harufu ya nyumbani, ya mafuta ya gari na ya baba yangu.

Nyuki hawakuja mmoja mmoja. Walishuka kama kitambaa kinachoangushwa. Nakumbuka mlio kuliko maumivu. Nakumbuka pia kwamba wimbo ulikatika katikati ya neno. Mjomba aliteremka kwa kamba viganja vikichunika, akaling'oa koti tawini, akanifunika kichwa na mwili, akanibeba kama furushi na kukimbia kuelekea mtoni. Mimi niliumwa mara chache, miguuni. Yeye alikuwa na shati jepesi na kichwa wazi.

Jioni hiyo Bibi alimketisha kwenye kigoda, akamkwangua miiba kwa mgongo wa kisu: shingoni, nyuma ya masikio, ndani ya nywele, kwenye kope. Uso ulivimba hata macho yakapotea. Alitapika mara mbili. Bado aliweza kufanya mzaha. "Mama, leo nyuki wamenifanyia sensa. Hawakuruka kaya hata moja." Tukacheka kwa nafuu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho marefu niliyoyasikia kutoka kinywani mwake, nami niliyacheka, nikamwacha akalale.

Siku ya pili, tukinywa chai, kikombe kilimponyoka mkono wa kulia. Akakitazama pale chini kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Bibi akamuuliza, "Nini, mwanangu?" Naye akajibu, kwa sauti safi kabisa, "Mlango."

Bibi akatazama mlango. Ulikuwa umefungwa vizuri. Akaufungua. "Mlango," Mjomba akasema tena, akatikisa kichwa, macho yakimtoka kwa juhudi. Bibi akaufunga. "Mlango. Mlango." Bibi akaanza kulia.

Mganga wa zahanati alimchoma sindano na kuagiza apelekwe mjini. Walimbeba kwa machela hadi barabarani. Wakati akiwa hospitali, Bibi alilala kwa ndugu yetu huko mjini, mtaa wa Mlandege, nami nikabaki kwa mke wa mwinjilisti, nikipukuchua mahindi ambayo hakuna aliyeniomba niyapukuchue. Baada ya majuma mawili alirudi akiburuta mguu, mkono wa kulia ukining'inia, na neno lake moja. Ukimwuliza kama ana njaa: mlango. Ukimpa pole: mlango. Alielewa yote tuliyosema. Hilo lilionekana machoni. Maneno tu ndiyo hayakutoka.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Mbeya, ambaye mwanawe nilimfundisha, alinieleza jambo hili polepole, akichora kwenye karatasi. Sumu ya nyuki wengi kwa pamoja, alisema, inaweza kuikaza mishipa ya damu na kuifanya damu igande. Kwa watu wachache bonge hilo la damu huziba mshipa wa ubongo, saa au siku kadhaa baada ya kuumwa, pale ambapo kila mtu amekwisha kushukuru kwamba hatari imepita. Upande wa kushoto wa ubongo ukikosa damu, mkono wa kulia hulegea na maneno hupotea. Pengine husalia neno moja, lolote, lisilo na sababu. Nikauliza swali ambalo nililibeba tangu utotoni: na nyimbo je? Akasema kuimba kuna njia yake nyingine, na mara nyingi njia hiyo husalimika.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulichokiona ni hiki. Jumapili ya kwanza Mjomba kurudi kanisani, alikaa benchi la nyuma, fimbo kati ya magoti. Kwaya ikaanza wimbo aliowafundisha mwenyewe. Kwenye ubeti wa kwanza midomo yake ilicheza. Kwenye wa pili sauti ikatoka, na ndani ya sauti yalikuwamo maneno, yote, kamili, kila silabi mahali pake. Wanawake walilia. Bibi alisimama akainua mikono. Mimi nilidhani nimesamehewa.

Nje, kabla watu hawajapeana mikono, jirani akapaza sauti. "Kumbe ulimi upo! Majuma yote haya tukimwuliza, mlango, mlango. Leo anaimba beti nne bila kukwama. Huyu si mgonjwa, anajificha. Aseme kama alifungua mzinga wangu au hakufungua!"

"Mlango," akasema Mjomba.

Watu wakacheka, si wote, lakini walitosha. Kuanzia siku hiyo watoto walimfuata njiani: "Bwana Mlango, hodi! Karibu ndani, au umefungwa na komeo?" Na watu wazima, ambao hawakumcheka, walirudia kwa sauti ya chini msemo wa kale kwamba nyuki hawamsahau mwizi. Kwa nini walimshambulia mrina mzoefu kwenye mzinga wake mwenyewe, kama hakuwa na lake?

Wazee wa kanisa walikuja uani kwa Bibi siku ya Jumamosi. Walikuwa wapole, na upole wao ndio uliotisha. Walisema kwamba anayewaongoza wengine kumsifu Mungu hawezi kubaki na shutuma isiyojibiwa. Wakamuuliza Mjomba mara tatu. Alijaribu mara tatu. Jasho lilimtoka katika baridi ile, mkono wa kushoto ukapiga goti, na kila mara likatoka lilelile.

"Unamuuliza kiwete mbona hakimbii?" Bibi akafoka.

"Mama, kiwete huyu tumemuona akicheza," jirani, aliyefuatana nao, akajibu.

Nilikuwa nimeketi hatua tano kutoka kwao, gunzi mkononi. Ilihitajika sentensi moja: nilikuwa na ndizi. Nilikuwa na ulimi mzima, mkono mzima, maneno yote ya shule. Nikapukuchua. Wazee wakaamua Mjomba apumzike uongozi wa kwaya hadi atakapoweza kujieleza, wakasali, wakaaga.

Siku mbili kabla ya baba kuja kunichukua, nilimfuata Mjomba nyuma ya nyumba, alikokuwa akijaribu kuchonga kwa mkono wa kushoto huku gogo akilikanyaga kwa mguu. Nilikusudia kumwambia yeye kwanza. Kabla sijafungua kinywa, alilivuta koti lake la kaki, akageuza bitana. Palikuwa na doa kubwa, jeusi, lililokauka na kushika nyuzi za ganda la ndizi. Akanionyesha. Kisha akainua kidole cha kushoto akakiweka midomoni mwake.

Rafiki yangu, nimekigeuza kidole kile kila upande kwa miaka yote hii. Siku ile nilikisoma hivi: nyamaza, mpwa wangu, hii ni yetu wawili. Nikanyamaza, tena kwa utii, karibu kwa fahari. Lakini tangu augue, Mjomba alikuwa na mazoea ya kuugusa mdomo wake uliolegea, kupima kama upo, kufuta mate. Huenda alikuwa anaufuta. Huenda alikuwa ananionyesha kiungo kilichoharibika na doa lililokiharibu, akiniomba niseme yeye asiyoweza kusema. Nilichagua maana iliyonipendelea, nikapanda basi kurudi Mbeya.

Aliishi muda mrefu baada ya hapo. Maneno machache yalirudi, ya maji na moto na majina. Alichonga mizinga iliyopinda, nyuki wakaingia vilevile. Kwaya hakuongoza tena. Aliimba kutoka benchi la nyuma, na hakuna aliyegeuka. Mimi nilikuja likizo, kisha likizo zikapungua, kisha nikawa chuoni. Alizikwa nikiwa kwenye mitihani.

Mwaka huohuo, katika ukumbi wa mihadhara, mkufunzi alitueleza kwamba nyuki akiuma huacha harufu inayowaita wenzake vitani, na kwamba harufu hiyo inafanana mno na ya ndizi mbivu. Wenzangu waliandika. Mimi niliinuka nikatoka nje, nikasimama kwenye uwanja nikitaja vitu: mti, ukuta, baiskeli. Kumbe mwiko wa Bibi ulikuwa na elimu ndani yake, nasi watoto wa mjini tuliubeba kiunoni kama mchezo.

Basi mwezi uliopita, kidole kikiwa bado kimevimba, nilipanda basi la Iringa. Sikumwambia mume wangu zaidi ya kwamba naenda kwetu. Barabara sasa inafika hadi kanisani. Ile misitu ya mizinga imegeuka kuwa misonobari iliyopangwa kwa mistari, isiyo na maua ambayo nyuki angeyataka, na mahali pa mninga sikupaona. Nyumba ya Bibi ni shamba la viazi. Nilimtafuta mtu wa kuungama kwake, na kila jina nililolitaja nilionyeshwa kaburi. Jirani naye alikuwa amekwenda. Alikuwapo mjane wake, mzee aliyepungua kama sabuni, akiota jua ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia wa nani. Kisha nikamwambia yote, ndizi, doa, kidole, bila kupumzika, kama mtu anayetua mzigo mbele ya mwenye nyumba asiyeuagiza. Alisikiliza akitafuna fizi. Nilipomaliza akasema, "Mzinga wetu aliuvunja nyegere."

Sikuelewa.

"Nyegere, yule mnyama mwizi wa asali. Mume wangu aliona nyayo na kinyesi chenye nta chini ya mzinga wetu mwingine uliovunjwa vilevile, wiki ileile, baada ya kupiga makelele pale kanisani. Nikamwambia, nenda ukaseme. Akasema, nikienda sasa watanicheka. Kesho yake akasema hivyohivyo. Na mimi nilikuwa nampikia, mwanangu. Nilikuwa naijua kweli, na nilikuwa napika."

Sikujua kama nimkasirikie, kwa sababu kila neno alilojishtaki nalo lilikuwa langu pia. Mwishowe akajikongoja kuinuka, akanishika bega. "Kesho ni Jumapili. Twende tukaseme. Mimi nyegere, wewe ndizi."

Baada ya matangazo walitupa nafasi. Wengi waliokaa mbele yetu walikuwa vijana, wengine wamezaliwa baada ya mazishi yake. Mjane alisema lake kwa Kihehe, kwa ufupi. Mimi nilisema langu kwa Kiswahili changu cha ualimu, kirefu mno, na nilipofika kwenye kidole niliona msichana mmoja akiitazama simu yake. Walitusikiliza kwa adabu, jinsi watu wanavyosikiliza habari za nchi ya mbali. Hakuna aliyekuwa amemshutumu mtu huyo; hakuna aliyekuwa na la kumrudishia. Nililibeba jina lake jema hadi pale, nikakuta waliolichukua hawapo kulipokea.

Tulikuwa tunarudi kwenye benchi, mjane akiniegemea, mwalimu wa kwaya aliponiwahi katika njia ya katikati. Ni mwanamke kijana, mwenye daftari la nyimbo kifuani. Alisita, kisha akauliza kwa kunong'ona:

"Samahani, mama. Huyo mwalimu mwenzangu, alikuwa akiimba sauti ya ngapi?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nalo jibu, nalijua kama jina langu, lakini ulimi ulikaa tu mahali pake, mzito, haukuleta hata mlango.

"Ya tatu," mjane akamjibu. "Na ilikuwa inasikika hadi kwetu bondeni."